Maswali Yenu kwa Saisi: Anayeongoza Anaiba Pumzi Wapi?

Mbukwenyi wasomaji. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni mzaliwa wa Hombolo. Mwaka 1984, mpaka wa Kenya ukiwa umeshafunguliwa tena, nilipanda basi kwenda Nairobi nikiwa na miaka 19, nikapata kazi ya usaisi kwenye mazizi ya farasi wa mbio karibu na uwanja wa Ngong. Nilikaa miaka 11. Saisi ndiye anayemlisha farasi, anayemsugua, anayemtembeza apoe akitoka mbioni, na ndiye anayejua kabla ya mwenye farasi kwamba leo mguu wa kushoto una moto. Mengi ninayojibu hapa niliyajua nikiwa nimeshika ndoo na brashi.

*Shikamoo babu. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Majengo. Nikiwa kijiweni nasubiri abiria huwa naangalia mbio za farasi kwenye simu. Kuna mpanda farasi anachomoka mwanzo, anakaa mbele peke yake, wenzake nyuma wametulia kama wanasindikiza harusi, na mwisho anashinda. Wale wa nyuma hawaoni? Na kama kutangulia ni kuzuri hivyo, mbona wote hawatangulii?*
*D., Majengo, Dodoma*

Marahaba mjukuu wangu. Swali lako lilinichukua miaka mitatu kulielewa, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Anza na pikipiki yako. Una mafuta ya kukufikisha Kibaigwa kwa shida, na hakuna kituo njiani. Ukiifungulia yote kuanzia Ihumwa, utaisukuma kwa mkono kabla ya kufika. Farasi naye akitoka kizimbani, yaani kwenye vyumba vya kuanzia mbio, ana tanki moja. Anaweza kukimbia kwa nguvu zake zote kwa mita mia chache tu. Baada ya hapo misuli inawaka, hatua inafupika, kichwa kinaanza kupanda juu. Tena akiwa shoti huvuta pumzi mara moja kwa kila hatua: miguu ya mbele ikinyooka anavuta, ikikusanyika anatoa. Kwa hiyo mpanda farasi anayeweza kumfanya arefushe hatua na kutulia, amemrefushia pumzi.

Sasa sikiliza siri yenyewe. Wa nyuma hana saa. Mwendo anaupimia kwa aliye mbele yake. Kama kiongozi alikuwa anakwenda mita 400 kwa sekunde 24, halafu kidogokidogo akashuka hadi sekunde 25 na nusu, kundi zima linashuka naye na hakuna anayehisi kitu, kwa sababu nafasi kati yao haijabadilika. Macho yanaona farasi aliye mbele kwa urefu wa farasi watatu, kama mwanzo. Lakini yule wa mbele ameiba sekunde moja na nusu ya kupumua. Katika mbio hizi sekunde moja ni kama urefu wa farasi watano au sita. Wakifika mita 400 za mwisho, wa nyuma wanagundua kwamba wanamfukuza farasi ambaye hajachoka. Wao pia hawajachoka, ni kweli, ila yeye yuko mbele, na farasi wawili wenye nguvu sawa wakikimbia kwa kasi ile ile, wa mbele anabaki mbele.

Nilikuwa namtunza farasi jike mwekundu tuliyemwita Asali sisi masaisi. Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa refu na la kizungu, halikuingia kinywani. Asali hakupenda kukaa katikati ya wenzake. Msimu wa kwanza mwenye farasi aliagiza azuiwe nyuma, aachiliwe mwishoni. Basi alikuwa anapigana na lijamu njia nzima, shingo imekakamaa, mate meupe yamejaa kifuani, na wakifika mita 400 za mwisho hana kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha mdomo kwa maji ya chumvi jioni, nikiona pembe za midomo zimechubuka, nikasikia uchungu kama amechubuka mwanangu.

Msimu wa pili akapewa mpanda farasi mwingine, kijana mwembamba asiyeongea sana. Alikuja zizini siku mbili kabla ya mbio akaniuliza mimi, saisi, huyu anataka nini. Nikamwambia anataka asione mkia wa mtu. Akacheka, akasema, "Basi tutampa njia nyeupe."

Mbio zilikuwa za mita 1600. Nilisimama kwenye uzio na saa ya mkononi niliyonunua barabara ya River Road. Asali alichomoka kizimbani kama risasi. Mita 200 za kwanza yule kijana alimwachia akapata nafasi ya ndani, karibu kabisa na uzio. Halafu nikaona mikono yake imeshuka, imetulia juu ya shingo, kana kwamba amebeba trei ya chai. Asali akasimamisha masikio. Ukiona farasi anayeongoza amesimamisha masikio akitazama mbele, jua ametulia, hatumii nguvu. Mita 400 zilizofuata walikwenda polepole mpaka nikadhani saa yangu imeharibika, na nyuma yao farasi saba wamefunga midomo, wapanda farasi wamevuta hatamu, kila mmoja anajivunia jinsi anavyobana akiba. Walikuwa wanabana akiba ambayo Asali alikuwa anaibana zaidi yao.

Kisha alifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka moyo unanienda mbio. Hakungoja mwisho wa kona, ambako kila mtu hungoja. Kona ilikuwa bado, zimebaki mita kama 600, akainama na kumwambia Asali haya twende. Wenzake walipoinua vichwa alikuwa ameongeza urefu wa farasi wanne. Alishinda kwa wawili. Nikamtembeza Asali nusu saa akapoa, na mdomoni hakuwa na hata mkwaruzo.

Yule kijana alinifundisha kuhesabu. Kwenye mazoezi ya alfajiri alinipandisha farasi mzee mpole, akaniambia nipite kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 200 kwa sekunde 14, bila saa. Nilidhani nimekwenda 14. Nilikuwa nimekwenda 12, na bwana mkubwa wa mazoezi alinifokea mbele ya zizi zima, kwa haki, kwa maana ningeweza kumvunja yule mzee miguu. Ndipo nilipojua kwamba kutangulia ni kazi ya kichwa. Asiyekuwa na saa kichwani akikaa mbele anampasua farasi wake mwenyewe.

Bingwa wa saa ya kichwani ni mpanda farasi Mmarekani, Steve Cauthen. Mwaka 1978, akiwa na miaka 18, alimpanda Affirmed katika mbio za Belmont, New York, za maili moja na nusu, sawa na mita 2400 hivi. Mpinzani wake alikuwa Alydar, farasi mwenye nguvu kubwa za mwisho. Cauthen akakaa mbele na kwenda nusu maili ya kwanza kwa sekunde 50. Ujue upole wa mwendo huo: miaka 5 kabla, kwenye uwanja huo huo na umbali huo huo, Secretariat alipita nusu maili kwa sekunde 46 na kitu. Mpanda farasi wa Alydar alipogundua, ilibidi Alydar aanze kushambulia mapema, mbali na mstari wa mwisho. Wakabanana bega kwa bega njia ndefu sana. Alydar akapata kichwa, Cauthen akahamishia kiboko mkono wa kushoto kwa sababu kulia hakukuwa na nafasi, na Affirmed, aliyekuwa na pumzi iliyoibwa mwanzo, akarudi akashinda kwa kichwa. Usiniulize Secretariat aliwezaje kwenda vile kwa fujo na bado akashinda kwa urefu wa farasi 31. Yule hakuwa farasi wa kufundishia. Sham, aliyejaribu kwenda naye mwanzoni, alimaliza wa mwisho.

Cauthen alihamia Uingereza mwaka 1979, ambako desturi ilikuwa kungoja nyuma. Mwaka 1985 akatangulia Derby ya Epsom na Slip Anchor mwanzo hadi mwisho, akashinda kwa urefu wa farasi 7. Mwaka 1987 akarudia na Reference Point. Bwana mmoja pale Ngong alikuwa na kanda ya video ya ile ya 1985, tukaruhusiwa kuitazama masaisi wote tumekaa sakafuni. Epsom inapanda mlima mwanzoni kisha inashuka kwenye kona. Tuliirudisha kanda mara sita kumwangalia Cauthen anavyomwacha farasi ateremke kwa uzito wake mwenyewe wakati wengine wanahangaika kujipanga.

Umeuliza, wale wa nyuma hawaoni? Wapo wanaoona, mjukuu wangu. Shida yao ni ile ya panya na kengele ya paka. Ili kumkamata anayeiba pumzi, lazima mmoja wao atoke kwenye kundi, amchome farasi wake mapema, amsumbue kiongozi. Akifanya hivyo, kiongozi atachoka, yeye atachoka, na atakayeshinda ni wa tatu aliyekaa nyuma ametulia. Nani ajitolee? Kila mmoja anamngoja mwenzake. Mwaka 2020 katika Derby hiyo hiyo ya Epsom, Serpentine, farasi ambaye hakuna aliyemhesabu, aliachiwa aende zake mbele mpaka wakawa hawamfikii tena, akashinda kwa urefu wa farasi 5 na nusu. Wengine wote walikuwa wanaviziana.

Kuna faida nyingine ya mbele ambayo watu huisahau: uzio wa ndani. Chukua kona ya nusu duara. Anayekimbia mita 3 nje ya mwenzake anaongeza zaidi ya mita 9 za bure, karibu farasi wanne waliopangwa kichwa kwa mkia. Na kwenye viwanja vya udongo vya Marekani, wa nyuma anakula madongo usoni njia nzima. Kuna farasi wakipigwa dongo moja wanakata tamaa.

Lakini wote hawatangulii kwa sababu kutangulia kuna gharama. Anayeongoza ndiye anayepasua upepo. Wa nyuma amejificha. Na wapo farasi waoga wa njia nyeupe, wakikaa mbele wanazubaa, wanatazama vivuli na watu. Hao wafichwe. Isitoshe, wakitokea wawili wanaotaka kutangulia siku moja, hakuna anayeiba pumzi ya mwenzake, wanachomana. Ndiyo maana yule kijana kabla ya kila mbio alizunguka mazizi kuuliza nani mwingine kesho anataka mbele. Kama yupo, siku hiyo alikaa wa pili, akamwacha mwenzake apasue upepo.

Na ukikosea hesabu unalia hadharani. Tafuta kwenye simu mbio za kuruka viunzi za Grand National, 1973. Richard Pitman alikuwa juu ya Crisp, amewaacha wenzake mbali sana, huku farasi wake amebeba kilo 76, zaidi ya kilo 10 kuliko mpinzani wake, farasi Red Rum. Ni karibu kilomita 7 na vikwazo 30. Baada ya kikwazo cha mwisho miguu ya Crisp ikawa ya mlevi, na Red Rum akampita hatua chache kabla ya mstari. Pitman mwenyewe alijilaumu kwa kuinua kiboko pale ambapo farasi alihitaji kushikwa anyooke. Mimi siwezi kuitazama ile hadi mwisho. Farasi yule alitoa kila kitu.

*Mzee, kwenye duka la kubashiri huwa kuna mbio za farasi kila dakika chache. Namba 4 huanza mbele mara nyingi. Mbinu zako zinaweza kunisaidia kutengeneza mkeka? Nimeshapoteza hela ya ada ya mdogo wangu.*
*Kijana wa Nkuhungu*

Hapana, haziwezi. Wale si farasi. Ni picha za kompyuta, na mshindi anapatikana kwa programu inayochagua namba kwa kubahatisha. Hakuna pumzi pale, hakuna upepo, hakuna mkono wa mtu kwenye hatamu. Namba 4 kuanza mbele hakumaanishi chochote. Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma. Usirudi kuitafuta hela ile mle ndani, haimo. Nenda kaongee na mhasibu wa shule, omba ulipe kwa awamu, na umwambie mdogo wako ukweli.

*Shikamoo mzee. Huku kwetu Bahi punda wamejaa na ng'ombe ndiyo usiseme. Mbona farasi hatuna?*
*Mama K., Bahi*

Marahaba mama. Adui mkubwa ni ugonjwa wa virusi wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni. Farasi wengi wakiupata hufa, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani. Punda na pundamilia wa kwetu huupata wakaendelea na kazi. Zaidi ya hapo kuna mbung'o wa maporini. Pale Ngong tuliwachanja farasi kila mwaka na kuwafungia ndani kabla jua halijazama. Mtunze punda wako, mama. Amekaa nchi hii kwa sababu anaiweza.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari, Kondoa. Nina binti wa kidato cha pili anayekimbia mita 1500. Filimbi ikilia tu yuko mbele. Mara mbili amepitwa kwenye mita 100 za mwisho, na wenzangu wananiambia nimzuie akae nyuma. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yanakuja. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Kondoa*

Marahaba mwalimu. Nimefurahi umeuliza kabla hujamzuia, maana nimemkumbuka Asali.

Nchi hii imetoa mmoja wa watanguliaji wakubwa kabisa duniani. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi mzaliwa wa Karatu, akiwa na miaka 20, aliongoza mita 1500 kutoka mwanzo hadi utepe na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker alimfukuza hadi mwisho, akapita naye chini ya rekodi ya zamani, na bado hakumfikia. Mwaka uliofuata kule Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na ya maili, dakika 3 na sekunde 51.0.

Ila angalia vizuri, njia ya Bayi si ile ya Cauthen. Cauthen aliiba pumzi kwa kupunguza mwendo kwa siri. Bayi aliwanyima wenzake pumzi: alikwenda kasi ya kweli tangu mwanzo, ili wale wenye mbio kali za mwisho wafike mita 200 za mwisho hawana kitu cha kukimbilia. Njia ile inataka mapafu ya ajabu. Hata yeye, Moscow mwaka 1980, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alitangulia mbali sana, na mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akamkamata. Akapata fedha, mojawapo ya medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania inazo, nyingine ikiwa ya Suleiman Nyambui siku zile zile. Sisemi hivyo kumpunguza. Nasema binti yako anapitwa kwa njia ya Bayi, na huenda mwili wake ni wa njia ya Cauthen.

Mkimbiaji ni farasi na mpanda farasi katika mwili mmoja. Farasi wake unamjua tayari, ana hamu. Mfundishe mpanda farasi. Mpe mizunguko 4 ya mita 400, apumzike dakika 3 kila baada ya mmoja, bila saa. Akimaliza mzunguko, yeye ndiye akuambie amekimbia sekunde ngapi, kisha umwoneshe saa yako. Mwanzoni atakosea kwa sekunde 5 au 6. Siku atakapokosea kwa moja tu, mruhusu kutangulia.

Kwenye mashindano aende haraka mita 300 za kwanza apate njia ya ndani. Mzunguko unaofuata apunguze kama sekunde 2, mabega yashuke, mikono ilegee, lakini asitazame nyuma hata mara moja, maana akigeuka tu watajua. Hapo upepo wetu wa mchana utamsaidia. Unajua unavyovuma miezi hii ya kiangazi. Apunguze pale upepo unapompiga kifuani, kwa sababu hapo hakuna anayetaka kutoka nyuma yake. Ukimpiga mgongoni, aongeze.

Na asiingoje kengele ya mzunguko wa mwisho. Wenzake wote wanaisubiri hiyo. Aondoke zikiwa zimebaki mita 500, wakati wao bado wanafikiri wana muda.

Nitumie muda wa kila mzunguko, mwalimu, siyo nafasi aliyoshika tu. Na uniandikie upepo ulikuwa unatoka upande gani.